Sufuria ya Bibi na Themostati za Fundi Msengi

Chumba cha mama kilinukia maziwa, makaa na mafuta ya alizeti, na hukuingia humo hivi hivi tu. Kwanza uliosha mikono kwa sabuni, ukaikausha, kisha ukaipasha kwenye jiko la bibi pale ukumbini mpaka bibi mwenyewe aishike na aridhike. Hakukuwa na mjadala. Hata baba, mwenye nyumba yake, alisimama pale amekunjua viganja juu ya makaa kama mwanafunzi anayesubiri kukaguliwa kucha, na bibi, mama yake mzazi, akavishika, akavigeuza, akasema, “Bado, Yohana. Ongeza.” Baba akaongeza. Mimi nilikuwa darasa la tano, nina kiherehere, na nilipasha mikono yangu mpaka ikawa myekundu ili nisirudishwe mlangoni. Ndani ya chumba hicho alikuwamo mdogo wangu, aliyekuja duniani kabla ya wakati wake, mtoto njiti, mdogo kiasi kwamba siku ya kwanza nilipoonyeshwa nilidhani wananionyesha kitenge kilichokunjwa. Alikuwa bado hajapewa jina. Tulimwita Kadogo, na sote, kuanzia bibi mpaka mimi, tulikuwa tunaogopa kitu kimoja tu: baridi.

Watu wa Dar nikiwaambia kwetu kuna baridi wananicheka. Wao Singida wanaijua kwa dirisha la basi: mawe, jua, na wauza kuku barabarani. Waje Julai jamani! Waje walale Kinampanda, juu huku Iramba, wakati alizeti imeshavunwa na mashamba yamebaki mashina makavu, wasikie upepo unavyovuka bila kitu cha kuuzuia. Unapiga mabati mpaka asubuhi. Unaingia chini ya mlango, unaingia kwenye tundu la kitasa, unaingia ndani ya sweta. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na watoto wa shule wanakimbia njia nzima, si kwa kuchelewa bali kwa kutafuta joto. Mimi nilizaliwa Julai na bado sijawahi kuuzoea upepo ule. Sasa fikiria mtoto ambaye uzito wake haufiki wa kuku mzuri wa kienyeji.

Hospitali walimfundisha mama kumlea kwa kifua. Mtoto anavalishwa kofia, soksi na nepi tu, analazwa katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, anafungwa kwa kitenge, na hapo ndipo anaposhinda na kulala. Wenyewe wanaita kangaruu. Mama akienda kuoga anapokewa na bibi, na bibi akiwa na kazi zake anapokewa na baba. Ndiyo, baba. Mwanaume wa Kinyiramba, mfanyabiashara wa kuku na asali anayejulikana mpaka Misigiri, alikaa ukumbini amefungua vifungo vya shati, mtoto kifuani, koti juu. Siku moja rafiki yake alipita kumsalimia, akamkuta hivyo, akaangua kicheko. “Baba Rehema! Hiyo mimba mbona imepanda kifuani?” Baba hakunyanyuka, maana akinyanyuka mtoto ataamka. Akamtazama yule bwana tumbo, lililokuwa limeshiba togwa na mengineyo, akamwambia taratibu, “Afadhali hii yangu ina mtoto. Hiyo yako ina nini?” Bibi alicheka mpaka akashika mlango. Mimi siku ile nilimpenda baba kuliko siku zote nilizowahi kumpenda, na sikujua jinsi ya kumwambia, nikaenda kumchotea maji ya kunywa ambayo hakuyaomba.

Kila Jumatano Kadogo alitakiwa kliniki, Singida mjini, kwenye hospitali kubwa alikozaliwa. Apimwe uzito, apimwe joto, aangaliwe macho na kifua, mama apewe dawa za matone. Ni mwendo mrefu, vumbi mpaka ukutane na lami pale Misigiri, kisha lami mpaka mjini, na kliniki inaanza asubuhi, kwa hiyo mnaondoka alfajiri, saa ambayo upepo ndio umeamka na hasira zake zote. Usafiri wetu ulikuwa Noah ya baba, kuukuu, rangi ya fedha iliyokwishafifia, ambayo siku nyingine zote ilibeba kuku. Baba aliiosha kwa sabuni ya unga na majivu mpaka mama akakubali kwamba hainuki, ingawa ukweli ni kwamba ilinuka. Jumatano ya kwanza tulikwenda sote isipokuwa bibi, maana shule zilikuwa zimefungwa na mimi nililia mpaka nikachukuliwa. Mama alikaa kiti cha katikati na mtoto kifuani, blanketi mbili, kanga juu, chupa za maji ya moto pembeni. Baba akawasha hita. Feni ikalia kama mashine ya kusaga, na kilichotoka kwenye matundu ni upepo ule ule wa nje, labda ulikuwa na vumbi zaidi. Akaizima. Chupa za maji zilipoa kabla ya Misigiri. Mipira ya milango ilikuwa imeliwa na jua, upepo ukawa unapiga miluzi masikioni mwetu, na mama njia nzima alikuwa ameinamisha uso ndani ya kitenge akimpulizia mwanawe pumzi.

Tulipofika, nesi alimshika Kadogo miguu akaacha kutabasamu. “Mama, mtoto amepoa huyu.” Wakamchukua kwa haraka wakamweka chini ya taa ya joto, na tulikaa kwenye benchi mpaka jua likawa kali nje bila mtu kutamani hata chai. Alipopata joto na kuanza kunyonya tena, nesi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimweleza baba bila kumficha: watoto wa namna hii wakipoa wanachoka, wakichoka wanasahau kunyonya, na wakisahau kunyonya… Hapo akanitazama mimi. Akasema tu, “Jumatano ijayo asije hivi. Lakini lazima aje.” Nilielewa vizuri sana kile ambacho hakukisema. Nilirudi nyumbani nimeshika soksi moja ya Kadogo iliyomvuka, nimeikumbatia kwa viganja viwili ili isipoe, kama vile miguu yake ilikuwa bado imo ndani.

Bibi aliposikia, alitoa hukumu yake palepale. Mtoto hatoki tena mpaka arobaini iishe. Kwetu mzazi na mtoto hawatoki nje kabla ya arobaini, na bibi kwenye jambo hilo alikuwa hana mchezo. Baba akajaribu hesabu: mtoto amekaa hospitali wiki kadhaa, ukizijumlisha na hizi za nyumbani, arobaini si imekaribia? Weee! Bibi akamwambia siku za hospitali ni za hospitali, zake yeye zinaanza siku mtoto alipovuka kizingiti cha nyumba hii. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba dawa zitakwisha kabla ya hapo. Bibi akachochea moto, kisha akasema jambo ambalo hata baba alikuwa hajawahi kulisikia. Kabla ya baba kuzaliwa alikuwa amepata msichana, naye akaja mapema, mdogo kama huyu. Wakamshauri ampeleke zahanati, akambeba mgongoni kwa miguu, Julai. “Nilipofika nikamshusha,” akasema, “nikakuta nimebeba baridi.” Baada ya hapo akahamia kwenye Kinyiramba, akiongea na moto wala si na sisi, na mama akaanza kulia kimyakimya. Mwisho bibi akageuka kwa baba. “Gari lako likiwa na joto kama la hapa jikoni kwangu, nitamfunga mwenyewe kitenge aende. Likiwa bila joto, utanikuta mlangoni.” Ikawa hivyo. Baba alikuwa na siku za kuhesabika kabla ya Jumatano kugeuza Noah kuwa jiko.

Kwa nini gari lilikuwa halina joto, hiyo ni hadithi nyingine na inaanzia Sekenke. Miaka ya nyuma baba alikuwa akipeleka kuku kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kule chini, na wakati wa kurudi, kwenye kupanda ule mlima, Noah ilikuwa inachemka. Mshale wa joto unapanda, moshi unatoka chini ya kiti cha mbele, maana Noah za zamani injini imekaa chini ya viti vya mbele, abiria na dereva mnaikalia. Baba akaipeleka kwa Fundi Msengi, jirani yetu wa barabarani. Fundi Msengi alikuwa na dawa moja kwa kila gari linalochemka, na dawa hiyo ilijulikana wilaya nzima: toa themostati. Themostati ni kidude kidogo cha bati na shaba, ukubwa wa kizibo cha chupa ya chai, kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Kinayazuia maji yasiende kupoa kwenye rejeta mpaka kwanza yapate moto. Yakipata moto kinafunguka chenyewe. Fundi Msengi alikiita kizuizi. “Hii waliwekewa watu wa theluji,” alikuwa akiwaambia wateja, ameishika kwa vidole viwili kama kupe. “Sisi jua tunalo, yanini kuyafungia maji?” Na watu wakakubali, maana ilisikika kama akili. Madereva wote waliamini hivyo, na wengi mpaka leo wanaamini. Kumbe Noah ya baba ilikuwa inachemka kwa sababu mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umetoboka, na ulipobadilishwa mwaka uliofuata kwa sababu nyingine kabisa, ugonjwa ukaisha. Lakini themostati haikurudishwa. Nani arudishe kizuizi?

Baba mwanzoni hakulifikiria hilo. Alianza na ujanja wa madereva wa malori, akaziba rejeta kwa boksi la maziwa ya kopo ili upepo usiipoze injini. Akazunguka nalo barabarani. Joto likaja kidogo, mpaka alipopandisha kilima cha kurudi, mshale ukaruka, akalazimika kusimama na kulitoa boksi huku limeanza kunuka. Alirudi nyumbani kama mtu aliyenyimwa mahari. Kesho yake akashuka Misigiri, akawaendea madereva wa malori wanaolala pale, akauliza. Mmoja wao, mtu wa safari za mbali, alimuuliza swali moja tu: mshale wa joto wa gari lako unafika katikati? Baba akasema bila boksi haufiki, unalala chini mwaka mzima, na yeye alikuwa anajivunia hilo, gari halichemki. Yule dereva akacheka. “Mzee, hita inapashwa na maji ya injini. Maji yako ya baridi, hita itoe wapi joto? Rudisha themostati.” Baba alirudi na furaha, nilijua, maana alikuwa anapiga mluzi wa kwaya.

Aliipata ya mtumba kwenye duka la spea, imetoka kwenye injini nyingine, akaja nayo ameifunga kwenye leso. Yule dereva alikuwa amemwambia asifunge bila kuijaribu, na kuijaribu kwenyewe ni kuichemsha. Kuichemsha kwenye nini? Baba alitazama huku na huku, akachukua sufuria. Haki ya Mungu, kati ya sufuria zote za nyumba ile, akachukua ile ya uji wa mzazi! Bibi alimkuta amechuchumaa mekoni, mimi nachochea, chuma cha gari kimezama kwenye sufuria ambayo yeye mwenyewe huisugua kwa mchanga laini. Sitarudia alichosema. Nusu yake sikuielewa na nusu niliyoielewa si ya kuandika. Lakini alipomaliza hakuondoka. Akavuta kigoda akakaa, akauliza hicho kidude kinatakiwa kufanya nini. Baba akamweleza: maji yakipata moto, hapa katikati patafunguka penyewe. Bibi akainama. Maji yakatokota, mvuke ukapanda mpaka ukamziba miwani, na kidude kikalala vilevile kimefumba, kama mtu mwenye kinyongo. Tukangoja. Tukaongeza kuni. Bibi akasema, “Hiki kimekufa, Yohana.” Na kweli kilikuwa kimekufa. Kama baba angekifunga bila kukichemsha, maji yangefungiwa ndani moja kwa moja na injini ingeungua njiani, mtoto akiwa ndani ya gari, katikati ya upepo. Baba alikaa chini, akajifuta uso kwa ile leso. Duka lilikuwa halina nyingine, na Jumatano ilikuwa imeshakaribia.

Sasa hapa ndipo nitamsifia Fundi Msengi, ingawa mpaka sasa nimekuwa nikimsema. Baba alimwendea akamweleza yote bila kumlaumu. Fundi akavua kofia, akajikuna, akaingia bandani mwake, akatoka na kopo la rangi la lita nne. Limejaa themostati. Alikuwa mtu asiyetupa kitu, kwa hiyo kila aliyoitoa kwenye gari la mtu aliitumbukiza humo, mwaka baada ya mwaka, na sasa alikuwa amelikumbatia kopo kwa mikono miwili anakuja kwetu, anapita nyumba kwa nyumba kijiji kizima kikimwona. “Shikamoo mama,” akamwambia bibi. “Marahaba. Umeleta hizo takataka zako kwenye sufuria yangu?” “Nimezileta mama. Nimeyataka mwenyewe.” Bibi akalichungulia kopo, kisha akaniambia, “Rehema, leta sufuria kubwa, ile ya misibani.”

Basi jioni ile tulizichemsha themostati kama watu wanaochemsha viazi. Fundi alizipanga kwanza, akatenga zile za umbo la Noah, akazisugua kutu kwa brashi ya waya, baba akazifunga kila moja kwa uzi zisigusane na chini ya sufuria, na mimi nikachochea. Majirani wakaja mmoja mmoja kusema wamekuja kumwona mzazi, wakaishia kukaa mekoni. Kila mmoja akawa na yake. Mwenye pikipiki akauliza kama na ya pikipiki ipo. Mama mmoja akataka kujua zinaiva saa ngapi. Wengine wakaanza kuzitambua: ile pana ni ya pikapu ya mwalimu, ile yenye doa ni ya gari la kwaya. Bibi akawa ameshika mwiko kama mpishi wa harusi, hataki mtu asogee. Maji yakaanza kuimba. Zikafunguka mbili, kisha nyingine, nyingine zikakaa zimefumba, nyingine zilikuwa zimebaki wazi tangu zilipoingia, hizo fundi akazitoa akazitupa pembeni. Na palikuwa na moja, ndogo, safi kuliko wenzake, iliyofunguka polepole, polepole, kama mtoto anayeamka. Bibi akaitoa kwa mwiko, ikapoa, ikafumba. Akairudisha, ikafunguka. Akaitoa tena. Alifanya hivyo mpaka fundi akamwambia, “Mama, inatosha, tumeiona.” “Mimi sijaiona,” bibi akasema, akairudisha tena. Mwisho akaiweka kwenye kiganja chake akaifuta kwa upindo wa kanga. “Hii inapumua,” akasema. “Funga hii.”

Asubuhi yake waliifunga, pale uani, mchana kweupe, kwa sababu baba alisema kazi hii haitaki haraka. Noah iliwekwa pua juu kwenye kichuguu tunakopigia alizeti. Viti vya mbele vikanyanyuliwa, injini ikaonekana, nyeusi na yenye manyoya ya kuku yaliyonaswa miaka yote ile. Wakaifungulia maji chini, yakatoka mekundu ya kutu, machafu kama chai ya rangi iliyolala. Baba akajilaza kwenye gunia chini ya gari, fundi akaingia kwa juu, wakakutana katikati kwa sauti na spana. Kazi yenyewe ni nati mbili tu na kifuniko, lakini nati moja ilikuwa imeshikwa na kutu na haikutaka kutoka. Wakaipaka mafuta, wakaisubiri, wakaigonga kwa upole, wakanywa uji, wakarudi. Baba hakutukana hata mara moja, na huyo ni mtu ambaye akikosa kuku mmoja kwenye tenga mtaa mzima unajua. Ilipotoka alishusha pumzi nikaisikia nilikokaa. Wakakwangua uchafu wa gasketi ya zamani, wakaweka ile ndogo inayopumua, kile kitundu chake cha hewa kikatazama juu kama inavyotakiwa, wakabana kifuniko, wakajaza maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, agizo la bibi. Kisha wakawasha injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, baba akawa anabinyabinya mipira ili hewa itoke, na mapovu yakatoka glu, glu, glu, mpaka yakaisha.

Tukangoja mshale. Mama alikuwa dirishani kwake, pazia amelisogeza kidogo, na Kadogo kifuani. Mshale ukalala. Ukaendelea kulala. Fundi akawa anautazama akiwa amekunja mikono, midomo inacheza, na nadhani alikuwa anasali. Halafu ukanyanyuka, taratibu, ukafika katikati, ukasimama. Ukasimama hapohapo kama umepigiliwa. Baba akafungua hita. Kwanza ikatoka harufu ya vumbi linaloungua na unyoya, kisha kikaja kitu ambacho Noah ile ilikuwa haijawahi kututolea tangu tuinunue. Baba akaweka kiganja, akakitoa, akatazama kiganja, akakirudisha.

Hakumwita mama. Alimwita bibi. Viti vikarudishwa, bibi akapanda mbele kwa kusaidiwa, na sandali zake, na kanga mbili, na uso wa hakimu. “Funga mlango,” akasema. Tukafunga. “Funga na kioo.” Tukafunga. Tukamwona kupitia kioo anapeleka viganja kwenye matundu, anavigeuza, anavinusa, anavirudisha, kama alivyokuwa anavikagua vya kwetu. Upepo ulikuwa mkali uani, sisi tunatetemeka tumemzunguka, fundi amejikunyata na mikono kwapani, na hatuthubutu kumuuliza. Bibi akavua kanga moja. Baada ya muda akavua sweta. Halafu akaegemeza kichwa. Tukangoja sana. Baba akachungulia kwa karibu, akageuka kwetu na macho yamejaa machozi na kicheko kwa pamoja. “Amelala,” akasema. “Mama amelala.”

Jumatano bibi mwenyewe alimfunga Kadogo kitenge kama alivyoahidi, kisha akapanda garini bila kuulizwa. Njia nzima hakuna aliyetetemeka. Kabla ya Misigiri mama alilegeza blanketi la juu, baada ya Misigiri akaliondoa, na mimi nilikuwa natokwa jasho la pua na sikutaka kulifuta. Kule nje upepo ulikuwa unalaza majani, na vioo vyetu vilikuwa na ukungu. Nesi aliposhika ile miguu alimtazama bibi, siyo mama. “Huyu mmemtoa kwenye jiko?” Bibi akajibu, “Ndiyo.” Kadogo alikuwa ameongezeka uzito. Kidogo sana, lakini ameongezeka, na kila Jumatano baada ya hapo akaongezeka tena, mpaka siku walipotuambia sasa basi, mleteni kwa chanjo kama watoto wengine. Mama alipiga kigelegele pale pale koridoni na hakuna aliyemkataza.

Miaka imepita. Noah iliuzwa kwa mtu wa Kintinku, Fundi Msengi amezeeka na mwanawe ndiye mwenye gereji, na bibi hayupo tena. Mimi naendesha gari langu, lenye vitufe vya kila kitu. Ukitaka joto unabonyeza, unaandika hata kiasi unachokitaka, na sidhani kama nimewahi kumfahamu mtu aliyelifurahia joto hilo kama tulivyolifurahia lile lililonuka manyoya ya kuku. Mwanangu alizaliwa hospitali yenye chumba chenye joto lake, sikuchemsha chochote. Ni nafuu kubwa, simtakii mtu yeyote hofu ya Julai ile. Ila siku hizi tukiumwa tunamwachia daktari na gari tunamwachia fundi, na sisi tunakaa pembeni na simu. Siku zile nyumba nzima ililazimika kujua maji yanapita wapi.

Julai iliyopita nilikwenda nyumbani, nikampitia Kadogo shuleni kwake walipopewa likizo. Yuko kidato cha tatu, mrefu kunipita, ana jina lake zuri la shule ambalo nyumbani hakuna anayelitumia. Akatupa sanduku nyuma, akakaa mbele, na mimi bila kufikiri nikabonyeza joto juu, maana upepo ulikuwa umeanza kuyumbisha gari. Hatukufika mbali. “Dada Rehema, jamani! Unanipika!” Akanizimia joto mwenyewe, akashusha kioo chote mpaka chini, akatoa kichwa na mkono nje, upepo ukamvuruga uso, naye akawa anacheka na kuwapungia watu njiani. Meno yangu yalikuwa yanagongana. Nilifungua mdomo nimwambie funga kioo, utapoa, nikaufunga. Nilimtazama nikalia, akaniuliza kuna nini, nikamwambia vumbi. Tukaenda hivyo, kioo kikiwa wazi, mpaka nyumbani.